Hazina, Mvua na Bonasi ya Oktoba



Walionialika waliniomba nieleze kwa nini Serikali, kila dunia inapoanza kutoka katika mdororo, huzungumza kwa sauti ya chini: makadirio madogo, ahadi za masharti, onyo karibu katika kila aya. Nimekubali, ila nitalieleza jambo hilo nikiwa upande wa vituo vya kukusanyia majani ya chai na si upande wa Hazina. Mfano wangu mkuu ni miaka ya 2009 hadi 2011. Watu wazima mlioko hapa mnaikumbuka. Wanafunzi walioketi nyuma walikuwa bado hawajaanza shule.

Dai langu ni hili, na afadhali niliseme mapema ili mpate muda wa kulipinga. Serikali yetu huwa na tahadhari mwaka wa dhiki, ikaisahau mwaka wa neema. Na katika nchi ya chai, kuanzia Kericho mjini hadi Litein, Mogogosiek na Bomet, mwaka wa dhiki wa Nairobi na mwaka wa dhiki wa mkulima mara nyingi si mwaka mmoja.

Tarehe 11 Juni 2009 Uhuru Kenyatta, ambaye alikuwa Waziri wa Fedha kwa miezi michache tu, alisoma bajeti yake ya kwanza. Mwaka 2007 uchumi ulikuwa umekua kwa takriban asilimia 7. Takwimu za awali za 2008 zikaonyesha asilimia 1.7. Waziri akakadiria kwamba mwaka 2009 ungekua kwa asilimia 2 hadi 3, na hakuna aliyemcheka. Mambo yalikuwa yameandamana. Kwanza ghasia za baada ya uchaguzi, ambazo katika mji huu wa Kericho hazihitaji mtu wa kuzieleza. Kisha mafuta yakafika dola 147 kwa pipa, Julai 2008. Mvua ikakataa. Halafu Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka New York. Watalii wakapungua, maua ya Naivasha yakakosa wanunuzi Ulaya, na fedha wanazotuma Wakenya walio ng'ambo, ambazo zilikuwa zikiongezeka mwaka hadi mwaka, zikasimama palepale kwenye dola milioni 610 hivi.

Bajeti ile ilionya na kutumia kwa wakati mmoja. Mawaziri walitakiwa kurudisha magari makubwa na kupanda yenye injini isiyozidi cc 1800, na kwa miezi kadhaa magazeti hayakuzungumza ila magari ya Passat. Papo hapo zikatengwa shilingi bilioni 22 za kuchochea uchumi, zigawanywe hadi kwenye maeneo bunge: shule, vituo vya afya, masoko ya mazao, umwagiliaji maji, na mabwawa 200 ya samaki katika kila eneo bunge kati ya 140 yaliyochaguliwa. Mkulima wa chai aliguswa na mpango huo kama mzazi na kama mgonjwa.

Nisiwe mkali kwa Hazina. Makadirio ya ukuaji wa uchumi ndiyo msingi wa makadirio ya kodi, na kodi ndiyo msingi wa mishahara ya walimu na polisi. Waziri akitangaza asilimia 6 kisha ikaja 2, ifikapo Novemba lazima akope kwa haraka, na anayekopa kwa haraka hukopa kwa bei ghali. Tena hotuba ile haikuwa na wasikilizaji wa Bungeni peke yao. Mwezi Februari Serikali ilikuwa imeuza hati ya dhamana ya miundombinu ya shilingi bilioni 18.5, na mwezi Mei Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeidhinisha mkopo wa zaidi ya dola milioni 200. Wakopeshaji walikuwa wakisoma kila mstari. Sauti ya chini ilikuwa na maana, na waliomlaumu Waziri kwa kukosa matumaini hawakuwa na deni la kulipa.

Sasa tupande huku milimani.

Mwaka 2008 Kenya ilizalisha kilo milioni 345.8 za chai. Mwaka 2009, kwa sababu ya ukame, kilo milioni 314.1. Ni pungufu ya asilimia 9. Ukisoma kwa macho ya Nairobi huo ni msiba juu ya msiba. Lakini mapato ya chai iliyouzwa nje yalipanda, kutoka takriban shilingi bilioni 63 hadi bilioni 69. Uchumi wa dunia umelala chini, mvua hakuna, majani ni haba, na fedha zimeongezeka.

Sababu ya kwanza mnaijua kuliko mimi. Ukame haukuwa wetu peke yetu. Sri Lanka na India nazo zilipungukiwa. Chai ikiwa haba duniani, mnada wa Mombasa hupanda, na wastani wa bei ukatoka kwenye dola 2.2 hivi kwa kilo ukavuka 2.5. Sababu ya pili ni ya mnywaji. Mtu aliyeachishwa kazi London huahirisha safari ya kuja Diani, hanunui gari, hata maua ya mke wake hayanunui. Kikombe cha chai hakiachi. Wala mnywaji wa Karachi, Cairo au Khartoum haachi, na hao ndio waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa. Chai yetu ya CTC, ile nyeusi ya punje ndogo inayokolea upesi, ni chai ya mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida akibanwa hurudi kwenye vitu vya bei nafuu.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu inaonyesha jinsi Nairobi na Kericho zinavyoweza kusoma habari moja kwa nyuso mbili. Mwaka 2008 dola moja ilikuwa kwa wastani shilingi 69. Mwaka 2009 ikawa 77. Magazeti yaliandika kwamba shilingi inaugua. Chai huuzwa Mombasa kwa dola tangu 1992. Kwa hiyo kila shilingi ilipoteleza, kilo ileile ya chai ya Kapkoros au Tegat ililetea kiwanda shilingi nyingi zaidi, hata kabla bei yenyewe haijapanda. Ugonjwa wa Nairobi ulikuwa nyongeza ya huku.

Je, mkulima alisherehekea mwaka 2009? Hapana, na hapa ndipo kalenda inapoingia. Mwaka wa fedha wa viwanda vya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hufungwa mwisho wa Juni. Mkulima hulipwa sehemu kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, na salio, ambalo sote tunaliita bonasi, huja Oktoba. Majani uliyoyachuna Julai 2009 yalijua bei yake kamili Oktoba 2010, miezi kumi na mitano baadaye. Wakati huo mbolea unayokopeshwa hukatwa kwenye malipo yako, na mbolea ya dunia ilikuwa imepanda mno mwaka 2008. Waziri alipokuwa akisema mambo ni magumu, mkulima alikuwa akiandikiwa faida asiyoiona. Waziri alipoanza kusema mambo yanatengenea, mkulima alikuwa bado anakula kwa mkopo wa duka.

Nimesema mkulima, lakini mlima huu hauna mtu mmoja. Yupo mwenye ekari moja na nusu anayepeleka majani Momul au Kapset. Yupo pia mchunaji anayeishi kwenye kijiji cha kampuni, katika mashamba yaliyoanzishwa hapa miaka ya 1920 na Brooke Bond na James Finlay, na huyo hana bonasi ya Oktoba. Hulipwa kwa kilo anazochuna. Mwaka wa ukame bei ya Mombasa ilipanda kwa sababu kikapu chake kilikuwa chepesi. Uhaba uliomtajirisha mwenye chai ulimpunguzia mchunaji posho, na hakuna takwimu ya pato la taifa inayowatenganisha watu hawa wawili. Huchanganywa, wakatolewa wastani.

Mvua ikarudi. Mwaka 2010 nchi ilizalisha kilo milioni 399, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana, na mapato ya nje yakawa shilingi bilioni 97. Mchunaji sasa alikuwa na majani tele, vikapu vizito. Ni mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, chama cha wafanyakazi wa mashamba kilipoitisha mgomo kupinga mashine za kuchunia. Fikirini jambo hilo. Uchumi unafufuka, zao limevunja rekodi, na mfanyakazi anagoma kwa kuogopa kwamba ufufuo huo haumhitaji. Mei 2023 tuliona mashine zikichomwa moto hapahapa Kericho. Ninaposoma katika hotuba za bajeti kwamba ufufuo wa uchumi utaleta ajira, huwa natafuta kama aliyeandika amewahi kutazama mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi kwa asubuhi moja.

Turudi kwenye tahadhari. Juni 2010 Hazina ilikadiria kwamba mwaka ule uchumi ungekua kwa asilimia 4 hadi 5. Takwimu za awali zilipotoka zilisema 5.6. Kisha Septemba 2014 Shirika la Takwimu likapima uchumi upya kwa vipimo vya kisasa, ukaonekana mkubwa kwa asilimia 25 kuliko tulivyodhani, na ukuaji wa 2010 ukaandikwa upya: asilimia 8.4. Yaani mwaka ambao Hazina ilitembea kwa kunyata, nchi ilikuwa ikikimbia. (Ukuaji wa 2008, kwa kipimo hicho kipya, ulishuka hadi asilimia 0.2. Aliyelia mwaka ule alikuwa na haki ya kulia kwa sauti zaidi.)

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu Benki Kuu nayo ilikuwa ikiongozwa na hofu ya mwaka uliopita. Gavana Njuguna Ndung'u na kamati yake walishusha riba ya msingi hatua kwa hatua: asilimia 9, ikaja 7 Novemba 2009, 6 Julai 2010, na Januari 2011, wakati uchumi ulikuwa umeshasimama wima, 5.75. Lengo lilikuwa mikopo iwe rahisi. Nawauliza wenye akaunti: ilikuwa? Riba za benki zilibaki karibu na asilimia 14. Benki ziliona ni salama zaidi kuikopesha Serikali kuliko kumkopesha mtu wa Konoin anayetaka kujenga zizi. Halafu mvua ikakosa tena, mafuta yakapanda, na Oktoba 2011 dola ikafika shilingi 107. Novemba mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 19.7. Ifikapo Desemba riba ya msingi ilikuwa asilimia 18. Mwenye mkopo wa nyumba, mwenye lori la majani, mwenye duka la pembejeo, wote waliamka na barua kutoka benki.

Hapo ndipo ninapoilaumu Serikali, na si pale kwenye Juni 2009. Tahadhari iliyokuwa sahihi mwaka wa kwanza iliendelea kuvaliwa mwaka wa pili kwa mazoea, na mwaka wa tatu, ilipohitajika ya aina nyingine, tahadhari ya kupanda kwa bei na kuanguka kwa shilingi, haikuwapo.

Sisi huku nasi tulifanya nini katika miaka hiyo ya neema? Mwaka 2011 mapato ya chai yalivuka shilingi bilioni 109, mwaka 2012 yakawa 112. Bonasi zilikuwa nzuri. Watu walilipa karo, wakabadilisha paa, wakanunua ng'ombe wa maziwa, na wengi wakapanda chai zaidi. Siwalaumu, mche wa chai ukiutunza hudumu kuliko aliyeupanda, na mtu hupanda anapokuwa na fedha. Lakini kila mlima ulipanda, na si Kenya peke yake. Mwaka 2013 tulizalisha kilo milioni 432 tukapata shilingi bilioni 114. Mwaka 2014 tulizalisha milioni 445 tukapata bilioni 101. Kilo milioni 13 zaidi, shilingi bilioni 13 pungufu. Misri ilikuwa katika misukosuko tangu 2011, Iran ilibanwa na vikwazo, na bei ya Mombasa ikarudi kwenye dola mbili na senti chache.

Mwaka huo uchumi wa taifa ulikuwa unakua kwa zaidi ya asilimia 5. Nairobi ilikuwa inajenga barabara na maghorofa. Dhiki ilikuwa yetu peke yetu, kwa hiyo hapakuwa na hotuba ya tahadhari, wala mabilioni ya kuchochea chochote.

Kuna jambo la pembeni ambalo nikilitaja ukumbi huu hubadilika: Mau. Mwishoni mwa 2009, katikati ya yote haya, Serikali ya Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila ilianza kuwaondoa watu katika msitu wa Mau. Siasa yake mnaijua, na machungu yake bado yapo katika nyumba nyingi za Bomet. Sitaingia humo. Nasema tu kwamba mvua ya Kericho, ile inayonyesha karibu kila alasiri na kutuletea wakati mwingine mawe badala ya maji, ina uhusiano na msitu ule, na kwamba katika hesabu zote za Hazina za mwaka ule ukame uliandikwa kama bahati mbaya iliyotoka nje, mahali pamoja na Lehman Brothers. Msitu ni mali ya nchi na kuchakaa kwake ni gharama. Hakuna makadirio ya uchumi yanayofaa nchi ya chai yasiyokuwa na mstari mmoja kuhusu Mau, hata kama mstari huo utamkosesha mtu kura.

Dunia ilianguka tena mwaka 2020, safari hii kwa korona. Uchumi wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3. Chai? Mvua ilikuwa nyingi mno, tukazalisha kilo milioni 569, rekodi nyingine. Lakini tofauti na 2009, majani yalikuwa tele kila mahali, na bei ya Mombasa ikawa karibu dola 2. Mara hii Serikali haikunyamaza. Desemba 2020 Sheria ya Chai ikatiwa sahihi, na Julai 2021 ikawekwa bei ya chini kabisa katika mnada kwa chai ya KTDA: dola 2.43 kwa kilo.

Nia ilikuwa njema na wengi tulishangilia. Lakini mnunuzi hawezi kuamriwa kununua. Akilazimishwa kutoa 2.43, atachagua chai ya Murang'a na Kirinyaga, ya mashariki ya Bonde la Ufa, ambayo tangu zamani humlipa zaidi kwa ladha na rangi. Ya kwetu ya magharibi ilibaki ghalani Mombasa, na chai inayokaa ghalani inazidi kushuka thamani. Bei ile ya chini iliondolewa mwaka 2024. Katikati, shilingi iliyoteleza hadi 160 kwa dola Januari 2024 iliifunika hasara hiyo. Bonasi ilionekana nono kwa sababu ilihesabiwa kwa shilingi dhaifu. Shilingi ilipopata nguvu na kutulia karibu na 129, Nairobi ikapongezwa na wakopeshaji wake. Mlima ukabaki na bei halisi. Bonasi ya 2025 ilipotangazwa, mliandamana, na wengine wakafika milangoni mwa viwanda.

Basi nini kifanyike? Nitasema jambo moja tu, kwa sababu orodha ndefu za mapendekezo huishia kabatini.

Sheria ya Chai inataja ushuru wa chai ambao sehemu yake ni ya kusawazisha mapato ya mkulima. Mfuko wa namna hiyo hujazwa mwaka wa neema. Chukulieni kiwanda kinachopokea kilo milioni 15 za majani mabichi kwa mwaka. Shilingi moja kwa kilo, ikikatwa miaka mitatu kama ile ya 2010 hadi 2012, ni shilingi milioni 45, bila kuhesabu riba. Mwaka 2014 fedha hizo zingeweza kurudishwa kwa shilingi tatu kwa kilo ya mwaka mmoja, au moja na nusu kwa miaka miwili. Si utajiri. Ni karo ya muhula mmoja kwa mwenye kilo elfu chache, na kwa mwenye ekari moja hiyo ndiyo tofauti kati ya mtoto kukaa darasani na kurudi nyumbani. Kanuni ya lini kukata na lini kurudisha iandikwe mapema, ifungwe kwenye bei ya mnada na kiwango cha dola kwa pamoja, ili mwaka kama 2023 usionekane wa neema kwa sababu tu shilingi imeanguka. Isiachiwe waziri, wala mkurugenzi wa kiwanda, kuamua akiwa amebakiza miezi sita kufika kwenye uchaguzi.

Mtaniuliza nani atazishika fedha za mfuko huo. Nimekaa na wakulima wa kutosha kujua kwamba hilo ndilo swali, na mengine yote niliyosema leo wanayakubali kwa kichwa tu. Mkulima ambaye karatasi yake ya malipo ina makato asiyoelewa hatakubali kato jingine kwa sababu profesa amemwonyesha hesabu ya milioni 45. Kwa hiyo ningeanza na kituo cha majani, kabla ya mfuko: hesabu za kiwanda zisomwe pale, kwa Kipsigis na kwa Kiswahili, mwezi wa Agosti, kabla bonasi haijatangazwa, kilo ngapi zimeuzwa Mombasa, kwa dola ngapi, ngapi zimebaki ghalani, mbolea imegharimu nini, wakurugenzi wamelipwa nini. Hilo halihitaji sheria mpya wala idhini ya Hazina. Linahitaji karani mwenye sauti na wakurugenzi walio tayari kuulizwa. Naambiwa wapo wakurugenzi wa viwanda ukumbini. Kipaza sauti kiko hapo mbele, na ningependa waanze wao.